Oili ya transfa: anza na nati ya juu

Masika ikianza, wa Bunju na Mabwepande mnajua tope lake: pikapu isipovuta magurudumu yote manne, mchicha haufiki sokoni. Kazi hiyo inafanywa na transfa, nayo ina oili yake, siyo ya injini.

Paki mahali tambarare, gari ikiwa vuguvugu. Legeza kwanza nati ya juu, ya kujazia. Ukimwaga halafu hiyo ikagoma, gari haitoki na mzigo unanyauka. Kisha fungua ya chini. Oili ina rangi ya maziwa? Maji yameingia. Ina vipande vya chuma? Muone fundi. Funga ya chini, jaza aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari mpaka ianze kuchuruzika tundu la juu, kisha funga. Oili chafu tia kwenye dumu, usimwage bustanini.