SOMO LA MAZINGIRA: UZIO WA MIIBA NA MAVUNO YA MABOGA

Kila mwenye shamba hapa Nakivale anahitaji uzio. Mbuzi wakiingia usiku mmoja tu, chakula cha watoto kimekwisha. Lakini tukikata migunga yote ili kupata miiba ya uzio, tunaweza kupoteza mavuno kwa njia nyingine.

1. Boga linahitaji nyuki
Mboga ya boga ina maua ya kiume na maua ya kike. Unga wa njano wa ua la kiume, yaani chavua, lazima ufike kwenye ua la kike. Wanaoubeba ni nyuki na wadudu wengine. Ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Nyuki asipofika, kiboga kichanga hukauka na kuanguka.

2. Nyuki anahitaji vichaka
Maboga huchanua kwa muda mfupi. Siku nyingine nyuki hula kwenye vichaka na migunga. Huko Mkomazi, Tanzania, katika miaka ya 1990, wataalamu waliona kwamba aina za migunga zinazochanua pamoja hutoa chavua kwa saa tofauti. Wadudu huhama kutoka aina moja kwenda nyingine siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila aina ina faida yake.

3. Je, kuzungushia pori uzio kunatosha?
Hapana. Huko Laikipia, Kenya, mwaka 1995, vipande vya pori vilizungushiwa uzio ili tembo na twiga wasile migunga. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Migunga isiyoliwa ilipunguza maji matamu inayowapa sisimizi wanaoilinda. Sisimizi hao wakapungua, wadudu wanaotoboa shina wakazidi, na miti ikadhoofika. Maji hayo si yale ya ndani ya maua, lakini fundisho ni lile lile: mti hauishi peke yake.

4. Tufanye nini?
- Panda uzio hai, kwa mfano minyaa. Utomvu wake hudhuru macho; watoto wasiuchezee.
- Acha migunga michache ya aina mbalimbali mpakani mwa shamba.
- Usipulizie dawa asubuhi maua yakiwa wazi.

Maswali ya kikundi
a) Uzio wako hubadilishwa miiba mara ngapi kwa mwaka?
b) Karibu na shamba lako imebaki miti gani yenye maua?