KIBLA CHA SINGIDA, NA KIYASI KILICHO SAWA

Yajulikana na kila mtu wa pwani ya kuwa neno kibla katika lugha yetu lina maana mbili: ni upande wa Al-Kaaba, tena ni upande wa kaskazini. Wazee waliposema upepo watoka kibla, hawakukusudia ila kaskazini. Wala hawakukosea. Makka iko katika longitudo ya nyuzi 39 na dakika 50 mashariki, na Mombasa iko nyuzi 39 na dakika 40. Tokea Lamu hata Kilwa, hakuna mji wetu uliouacha mstari huo ila kwa uzi mmoja hivi. Basi aliyesimama pwani akaelekea kaskazini, ameielekea Makka, au amepotoka kidogo mno.

Sasa na tumchukue ndugu mmoja, mfanyi biashara wa Tanga. Amesafiri kununua asali na alizeti, akapita Dodoma na Manyoni, akashukia Singida, mji ulio kando ya maziwa ya Singidani na Kindai. Adhuhuri imeingia. Aulizia kaskazini, aonyeshwa, atandika mswala wake. Akilini mwake amepanga maneno matatu: Kibla ni kaskazini, kaskazini ni huku, basi kibla ni huku.

Hiki ndicho kiitwacho kiyasi katika ilimu ya mantiki. Maneno mawili ya mbele huitwa mukadama, na la tatu, lizaliwalo nayo, huitwa natija. (Si kile kiyasi cha mafakihi, ambacho ni kulipa jambo hukumu ya jambo jingine kwa sababu iliyo moja. Jina ni moja, kazi ni mbali.)

Mpango wa ndugu yetu hauna kasoro hata moja, na natija yake si kweli. Imekuwaje? Ni kwa sababu mukadama yake ya kwanza ni kweli ya pwani, wala si kweli ya kila nchi. Singida iko nyuzi 34 na dakika 45, na kibla chake ni kaskazini iliyopinda kuelekea mashariki kwa nyuzi 10 na nusu hivi. Lau angaliunyosha mstari wake wa kaskazini hata ukafika usawa wa Makka, angalijiona katika jangwa la Sudan, upande wa huku wa Bahari ya Sham, na Al-Kaaba i mbali naye kwa kilomita zaidi ya 500.

Wako maulamaa watoshekao na upande tu kwa aliye mbali. Na kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuikusudia Al-Kaaba yenyewe. Sala alizokwisha kuswali na amwulize sheikh. Mimi nashughulika na hoja yake, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyomponza, na yaweza kumponza zaidi. Tuseme aingia msikitini aone mihrabu imepinda kuume, naye ana yakini kuwa kibla ni kaskazini. Atasema nini? Atasema wenyeji wamepotea. Hapo fitina imezaliwa baina ya Waislamu, mzazi wake ni kiyasi kilichopangwa vizuri.

Hii ni tabia ya akili ya binadamu: natija aliyoizoea huipokea bila ya kuiuliza mukadama yake. Alipokuwa Tanga hakuwa na haja ya kuuliza, na mazoea ya miaka arubaini yakawa kwake mahali pa dalili.

Labda kijana mmoja atatoa simu yake na kusema, “Mzee, na tuiulize hii.” Vema. Lakini simu nayo yafanya kiyasi tu. Huchukua mahali pa Makka na mahali ulipo wewe, hutia kanuni ya hesabu za tufe, hutoa pembe. Hesabu ya namna hii Al-Biruni aliifanya kwa mkono wake kwa ajili ya mji wa Ghazna, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025. Kompyuta imemzidi kwa haraka na kwa kutochoka. Haikumzidi kwa kujua kama mukadama ni kweli. Ikidhani ungali Tanga, itakupa kibla cha Tanga bila ya haya. Na dira iliyo ndani yake, ikikaribia chuma, hupotoka.

Kwa hiyo nawapa njia nyingine, ambayo Nasir al-Din al-Tusi aliieleza katika karne ya 13, na mukadama zake kila mwenye macho aweza kuzipima. Jua likiwa juu ya utosi wa Al-Kaaba, kila alielekeaye jua ameielekea Al-Kaaba. Huwa hivyo mara mbili kwa mwaka: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Saa za Makka na saa zetu ni sawasawa. Msimu huo Singida ni kiangazi, mawingu ni machache. Simamisha mti wa mita moja mahali palipo tambarare, uwe wima barabara. Kivuli chake kitakuwa nusu mita hivi. Piga mstari kutoka ncha ya kivuli hata shina la mti, kisha uite wenyeji na wageni waje wautazame pamoja.