Kitabu Chenye Mchawi kwenye Jalada

Somo la familia. Someni pamoja nyumbani: Waamuzi 9:7-15, 2 Samweli 12:1-7, Matendo 19:18-20, Danieli 1:17.



Juma moja baada ya ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani akiwa amebeba kitu ndani ya kitenge. Nilidhani ni unga. Akakifungua mezani, kumbe ni kitabu cha mitumba, jalada limechanika pembeni, na juu yake pana picha ya simba. Binti yake wa miaka 12 alikinunua mjini Juba, kwa muuzaji anayetandika vitabu chini kule Hai Cinema, kwa pesa aliyopewa ya madaftari. Mama hajui Kiingereza, ila kijana wa jirani alimsomea jina la kitabu. Kwa Kiswahili ni kama kusema Simba, Mchawi na Kabati. Mama akaniambia, "Pasta, omba, halafu tukichome."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakubisha. Alisema tu, "Pasta, kama mtakichoma, naomba kwanza uniambie yule kaka yao aliokolewa au hakuokolewa."

Nilimwomba mama aniachie kitabu kwa siku saba nikisome. Na sababu ya kuomba siku saba niwaambie wazi, maana ni aibu yangu mwenyewe. Miaka iliyopita nilichoma kitabu cha mwanangu mkubwa kwa kuwa kilikuwa na picha ya joka. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Chuo cha Biblia walitufundisha kwamba mtu asihubiri andiko asilolisoma lote, sura iliyotangulia na sura inayofuata. Lakini kitabu cha mtoto nilikihukumu kwa picha. Mwanangu hakulia. Ila tangu siku ile, akisoma kitu, hunificha.

Basi tujifunze. Wazazi wengi wananiuliza maswali mawili. La kwanza: hadithi ya kubuni, yenye wanyama wanaosema na nchi zisizokuwapo, si uongo? Msomeni Yothamu katika Waamuzi 9. Alisimama juu ya mlima Gerizimu, akawaambia watu wa Shekemu habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme: mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mti wa miiba ukakubali. Hakuna aliyemuuliza Yothamu miti ilisema kwa lugha gani. Walielewa kwamba anamsema Abimeleki. Naye Nathani, alipotumwa kwa Daudi, hakuanza na mashtaka. Alianza na hadithi ya maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Daudi alikasirika juu ya mtu wa kwenye hadithi kabla hajajua kwamba mtu huyo ni yeye. Uongo humficha mtu ukweli. Hadithi ya Nathani ilimfikisha mfalme mahali ambapo asingekubali kupelekwa kwa njia nyingine.

Swali la pili ni zito zaidi: na uchawi uliomo je? Kumbukumbu la Torati 18 inakataza uganga na uchawi, na sisi tunashika hilo bila kulegea. Wengine wananionyesha Matendo 19, watu wa Efeso walipochoma vitabu vyao vya thamani ya vipande hamsini elfu vya fedha. Ni kweli. Lakini angalieni ni vitabu vya nani, na vya kazi gani. Vilikuwa vitabu vya watu waliokuwa wakifanya mambo hayo wenyewe, na waliovileta ni wenye vitabu, kwa hiari yao, baada ya kuamini. Vilikuwa vya kutendea kazi ya uganga. Ukikuta kitabu kinachomfundisha mwanao kufanya ramli au kuita pepo, usisubiri mchungaji. Kitabu kinachosimulia mambo ya mchawi ni kingine. Danieli naye alisoma elimu yote ya Wakaldayo, na hakuinama kwa miungu yao.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tunatoka Ituri, na hofu hii hatukuiokota njiani. Tuliokuwa huko mwaka 2001 tunakumbuka mwezi wa sita, upande wa Aru, watu walipoinuka kijiji kwa kijiji kuwatafuta wachawi. Waliuawa kwa mamia. Waliouawa hawakukutwa na kitabu wala hirizi. Walinyoshewa kidole tu. Na katika miji ya Kongo tumeona watoto wakifukuzwa nyumbani, wakifungiwa na kunyimwa chakula ili "pepo watoke", mara nyingi kwa maneno ya watu wanaojiita watumishi. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, imefanya kosa la jinai kumsingizia mtoto uchawi. Serikali ilibidi itunge sheria kwa jambo ambalo kanisa lilipaswa kulikemea kwanza.

Kwa hiyo ninapochagua kitabu cha mtoto sihesabu wachawi walio kwenye jalada. Natazama kitabu kinauweka wapi uovu. Je, kinamfundisha mtoto kwamba ubaya unakaa kwa bibi kizee wa nyumba ya pili, kwa mtu wa kabila lile, kwa mwenye kilema, na kwamba akiisha kuuawa mambo yatakuwa mema? Au kinamwonyesha kwamba ubaya unaweza kuingia kwake yeye, shujaa wa hadithi, akahitaji kuokolewa? Yesu alisema kimtiacho mtu unajisi hutoka moyoni (Marko 7:20-23). Kitabu kinachokubaliana na hilo, hata kama kina joka, ninakipokea.

Nirudi kwa kitabu cha Hai Cinema. Mwandishi wake ni C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka 9. Alipokuwa kijana aliacha kumwamini Mungu, akarudi kwa Kristo mwaka 1931 akiwa mtu mzima. Mwaka 1939, vita vilipoanza, watoto wa London waliondolewa mjini kwa hofu ya mabomu wakapelekwa kukaa kwa watu wasiowajua, na baadhi yao walipokewa nyumbani kwa Lewis. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1950, na kinaanza hapo hapo: ndugu wanne wamepelekwa mbali na mama yao kwa sababu ya vita, wamo katika nyumba ya mzee wasiyemjua. Niliposoma ukurasa wa kwanza nilielewa kwa nini binti yule alitumia pesa ya madaftari.

Ndani ya kabati la nguo wanakuta njia ya kwenda nchi nyingine, ambako mchawi ameleta baridi isiyokwisha na Krismasi haifiki. Mchawi huyo hasifiwi popote. Lakini jambo kubwa ni Edmund, yule kaka aliyeulizwa habari zake. Anapewa tamutamu na mchawi, anataka zaidi, anawadanganya ndugu zake, mwisho anakwenda kuwauza. Wazazi, mnajua watoto wetu wanavyoitwa na watu wenye soda na ahadi za simu. Basi kwa sheria ya nchi ile msaliti ni mali ya mchawi, lazima afe. Simba, jina lake Aslan, anakubali kuuawa mahali pa Edmund, na asubuhi anafufuka. Sihitaji kuwaeleza zaidi. Aliyesoma Ufunuo 5:5 anamjua Simba huyo. Lewis aliandika vitabu saba vya nchi hiyo, vya mwisho mwaka 1956, na filamu ya hiki ilitoka 2005. Nawashauri kitabu kabla ya filamu.

Hata hivyo kina vita, na kuuawa kwa simba kunatisha. Watoto wetu si sawa na watoto ambao hawajasikia risasi. Mtoto anayeota usiku akapiga kelele, msomee mchana, na ukae naye. Akikataa kuendelea, funga kitabu, usimwite mwoga. Anaweza kukirudia baada ya mwaka. Kwa walio chini ya miaka 8 mimi ningebaki na hadithi za Sungura na Fisi, ambazo bibi zetu wanazo bure.

Kama ningeruhusiwa kitabu kimoja tu baada ya Biblia kwa familia zilizotawanyika, ningechukua Safari ya Msafiri. John Bunyan alikuwa fundi wa masufuria Uingereza. Alikamatwa mwaka 1660 kwa kuhubiri bila ruhusa ya serikali, akakaa gerezani miaka 12. Kitabu kilitoka 1678. Mtu anaukimbia mji wake akiwa na mzigo mgongoni, anazama matopeni, anapigana na zimwi, anafungwa katika ngome ya jitu ambalo jina lake ni Kukata Tamaa. Humo gerezani anakumbuka kwamba siku zote alikuwa na ufunguo kifuani, uitwao Ahadi. Nimewasimulia hapa kambini vijana waliokaa miaka kumi wakingoja majibu ya ofisi, wakanyamaza kimya. Wengi hawajui kwamba kuna sehemu ya pili, ya mwaka 1684. Sehemu ya kwanza baba aliondoka peke yake. Ya pili ni ya mkewe na watoto wakifuata njia ile ile. Akina mama, hiyo ni yenu.

Katika vitabu vya Kiswahili, mtafute Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka 1952. Mwandishi alikuwa Mwislamu wa Tanga, na sioni haya kumsifu. Mna majini, mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, mna manyani wawili wanaochapwa kila usiku. Manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili waliotaka kumwangamiza kwa kijicho. Ndugu waliomuuza Yusufu wamo ndani ya hadithi hiyo. Adili anawachapa kwa kuamriwa, huku moyo ukimuuma, na mwisho wanarudi kuwa watu. Mtoto aliyesoma hapo ana jambo la kuzungumza na kaka yake.

Sasa kitabu ambacho nakitahadhari, ingawa hakuna mzazi aliyewahi kuniletea tukichome, ni Mashimo ya Mfalme Sulemani. Rider Haggard alikiandika 1885, kikafasiriwa kwa Kiswahili 1929. Ni safari tamu, sikatai, na Kiswahili chake kizuri. Lakini uovu umewekwa kwa bibi kizee aliyekunjamana anayenusa wachawi na kuwatoa wauawe, na heshima kubwa imewekwa kwa wazungu wanaotafuta almasi. Kijana wa miaka 15 aweza kukisoma akibishana nacho. Mdogo wake atajifunza kumwogopa bibi yake.

Mtaniuliza Harry Potter, maana jina hilo limefika hata kambini. Ni vitabu saba, vya mwaka 1997 hadi 2007. Nimesoma cha kwanza tu. Ni mtoto yatima anayelazwa chini ya ngazi na ndugu wa mama yake, halafu anaitwa shule ya uchawi. Upendo wa mama aliyekufa kwa ajili ya mwanawe una nafasi kubwa humo, na hilo ni jema. Ila uchawi ndio masomo ya shule, na mtoto wa kwetu, aliyekwisha kusikia uchawi ukitajwa msibani na kisimani, hawezi kuupokea kama mchezo jinsi mtoto wa London anavyoupokea. Mimi sikipi nafasi ya kwanza. Lakini mtoto akikutwa nacho, usimwitie maombi ya kutoa pepo. Kaa naye, muulize amefika wapi.

Na hili la kuuliza ndilo kazi yenyewe. Watoto wetu wanasoma Kiingereza shuleni, wanaongea Kiarabu cha Juba barabarani, na Kiswahili wanakuja nacho nyumbani. Mzazi asiyejua Kiingereza asijione hana la kufanya. Mwambie mtoto akusimulie kila jioni sura aliyosoma, kwa Kiswahili. Muulize: nani alikosea leo? Alikosea kwa kutaka nini? Je, kuna aliyemsamehe? Ukisikia anajibu haraka kwamba wabaya ni wale tu, na wazuri ni sisi tu, basi simama hapo mzungumze.

Yule mama alifanya hivyo. Nilimrudishia kitabu siku ya saba, na nikamwambia binti asimalize peke yake, amsimulie mama mpaka mwisho. Kuhusu kaka yao sikumjibu. Juma lililofuata mama alinisimamisha njiani kunieleza kwa mikono miwili jinsi simba alivyofufuka, kana kwamba mimi sijasoma.

Kitabu hicho sasa wamekiazima kanisani. Tutakisoma kwa sauti, tukifasiri, kila Jumamosi saa kumi baada ya mazoezi ya kwaya, kwa watoto wa miaka 9 na kuendelea, kila mtoto na mtu mzima mmoja wa kwao. Anayekwenda mjini na kupita Hai Cinema, akiona Adili na Nduguze au Safari ya Msafiri kwa bei ya kuwezekana, aninunulie, nitamrudishia pesa. Mwanangu mkubwa amesema atakuja kufasiri.