Dondoo muhimu: Kuupendezesha ua wa ploti mpya

Ploti nyingi za futi 50 kwa 100 hapa Thika na Ruiru huishia hivi: nyumba inang'aa, uani ni kokoto na matope. Kabla ya kukimbilia vitalu vya miche vya kando ya barabara, ng'oa simenti iliyomwagika na kuganda wakati wa ujenzi. Mizizi haipenyi hapo.

Kisha tazama udongo. Mwekundu hausumbui sana. Ule mweusi, unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kwenye gumbuti mvua ikinyesha, ndio wenye kazi: ukichimba shimo refu umejitengenezea karai la maji, na mche utaoza mizizi. Inua tuta, changanya samadi iliyooza vizuri, na utoe mfereji.

Kando ya ukuta, duranta ya njano hufunga haraka ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 hivi. Matunda yake yana sumu, kwa hiyo penye watoto ipogoe mara kwa mara isizae. Bogenvilia inataka jua kali. Ukiidekeza kwa maji, utapata majani matupu.

Chini, nyasi za kikuyu husambaa upesi (hata kwenye vitanda vya maua, usiponyoosha mpaka). Penye kivuli hazifanyi vizuri; hapo weka nyasi za mondo.

Panda mvua za Machi au Oktoba zikishashika. Ukipanda Januari, jiandae kwa bili ya maji.