Raia Akikamatwa Ugenini

Swali: Mtanzania akikamatwa na polisi wa nchi ya kigeni, je, ubalozi wake unaweza kumtoa mahabusu?

Jibu: Hauwezi. Ulinzi wa kikonseli, yaani msaada ambao dola humpa raia wake aliye chini ya mamlaka ya dola nyingine, haumtoi raia huyo katika sheria za nchi mwenyeji. Hata hivyo, Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna kuhusu Uhusiano wa Kikonseli wa 1963 inazitaka mamlaka zimweleze mahabusu, bila kuchelewa, kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe, na maofisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Haki hiyo si pambo: mwaka 2001, katika kesi ya ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, waliotekelezewa adhabu ya kifo Arizona mwaka 1999, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja mkataba huo kwa kutowajulisha mapema, na kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, wala si ya dola peke yake. Udhaifu wake mkubwa ni kuwa taarifa hutumwa mahabusu akiomba. Anayenyamaza kwa woga hujinyima mwenyewe. Aombe mapema, kabla ya kutia saini maelezo yoyote.