SOMO LA UFUGAJI: Chakula cha Kwanza cha Vifaranga vya Kambare

Kifaranga cha kambare hutegemea kiini cha yai kwa siku chache tu baada ya kuanguliwa. Kiini kikiisha, anahitaji chakula hai kinachoingia kinywani mwake. Unga mwingi huzama, huoza na kumaliza hewa ya maji, na vifaranga ulivyonunua hufa.

Vituo vya kuangulia samaki hutumia atemia, vijidudu vya maji ya chumvi vilivyo jamaa ya kamba. Mayai yake huuzwa kwa mikebe na ni ghali. Hapa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, mfugaji anaweza kukuza jamaa zake wa maji baridi, viroboto wa maji, kidimbwini mwake:

1. Kausha kidimbwi, nyunyiza chokaa, kisha jaza maji.
2. Tia samadi kavu kwenye gunia na uliloweke pembeni. Kipimo ni gramu 50 kwa mita mraba kwa wiki. Kidimbwi cha mita mraba 300 kinahitaji kilo 15.
3. Maji yakigeuka kijani, zamisha mkono hadi kiwiko. Kiganja kikipotea mapema, ondoa gunia.
4. Ukiona vijidudu vinarukaruka, weka vifaranga bila kukawia, kabla wadudu wawindaji hawajaongezeka.

Usichote maji ya Ziwa Jipe wala ya kidimbwi cha jirani kutafuta mbegu ya vijidudu. Utaleta samaki wa mwitu na magonjwa.

Kwa ushauri, muone afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako.