Uteuzi wa Kadi ya Kunasia Video kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Mtafiti aliyehifadhi ngano na miviga katika kanda za VHS asikawie. Ajizi ni nyumba ya njaa. Kanda huchakaa, na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda mashine za kuzichezea, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Kadi ya kunasia video ndiyo daraja kati ya mashine hiyo na tarakilishi ya nyumbani. Je, ateue ipi?

Kwanza, ikubali mfumo wa PAL uliotumika nchini Kenya, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Kadi ya NTSC pekee haifai. Pili, iwe na tundu la manjano la picha, pamoja na jekundu na jeupe ya sauti, kwani fanani asiyesikika si fanani. Tatu, programu ya kuiendesha ioane na tarakilishi iliyopo. Nne, nafasi ikadiriwe mapema: saa moja katika umbizo la DV huhitaji takribani gigabaiti 13.

Hivyo basi, kadi iteuliwe kwa kuzingatia kanda, si bei pekee. Baadhi ya mafanani waliomo humo wamekwisha kutuaga, hawatarekodiwa tena.